Nyaya Kumi na Saba Ndani ya Paipu Moja

Paipu ya pili niliichukua mimi. Naanza na hilo kwa sababu mimi si mtu wa kulizunguka neno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliichukua, nikaiweka begani, nikaenda nayo nyumbani. Na kwa ajili ya paipu hiyo nilijifunza uzeeni jambo ambalo hata sasa nikilieleza moyo unanienda mbio: kwamba nyaya za stima zikibanana hupashana joto, na kwamba yuko mtu wa kulihesabu joto hilo, na mtu huyo ni mjukuu wangu.

Mimi ni wa Mwabungo. Shule nilisoma hadi darasa la pili, kisha nikafundishwa kufua nazi, na kufua nazi sijaacha tangu siku hiyo. Kikundi chetu cha akina mama ni cha mafuta ya nazi. Miaka mingi tulikuna kwa mbuzi, tukakama tui kwa mikono, tukachemsha kwa kuni hadi macho yakawa mekundu kama ya pweza aliyekasirika. Mafuta yetu yananunuliwa Diani, kwenye mahoteli, watu wakandwe nayo migongo. Halafu tukajaliwa kupata mashine tatu: ya kukuna, ya kukausha machicha, na ya kukamulia. Zote za mota. Nyumba ya kuziweka tuliijenga wenyewe, kuta za mawe, juu makuti, chini mchanga mtupu ukisubiri saruji.

Kazi ya stima akapewa mjukuu wangu. Sikumpendelea. Nilisimama mkutanoni nikasema, "Huyu ni damu yangu. Akiharibu, msemeni yeye na mimi mniseme hapo hapo." Ni binti wa binti yangu, amesomea ufundi wa umeme, na kwa miaka miwili alikuwa msaidizi tu katika hoteli moja ya Diani. Kazi yake ilikuwa kushika ngazi na kubeba vyombo vya mafundi wanaume. Hii yetu ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuitwa fundi yeye mwenyewe. Ikienda vyema, ataitwa kwingine. Ikiharibika, atarudi kushika ngazi, na kwetu mwanamke akisharudi kushika ngazi hakuna atakayemwita tena kuipanda.

Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, ndiye mwenyekiti wa kikundi. Yeye na mimi tunataniana tangu siku niliyoingia kwao nikiwa bibi harusi, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

"Wifi," akaniuliza mbele ya watu, "huyo mtoto akituunguza je?"

"Utaanza kuungua wewe, ndiwe mwenye mafuta mengi."

Wakacheka, wakanyoosha mikono, ikapita.

Mjukuu akaja akachimba mfereji kutoka ukutani, pale boksi la stima litakapokaa, hadi katikati ya chumba ambapo mashine zitasimama. Ndani yake akalaza paipu mbili nyeusi, zimeachana kama shubiri mbili, kila moja unene wa kifundo cha mkono wa mtoto. Akanionyesha. Hii ni ya mashine kubwa ya kukamulia peke yake. Ile ni ya zile mashine mbili ndogo, pamoja na nyaya nyembamba za vibonyezo vya kuwashia na kuzimia.

"Nyanya," akaniambia, "Jumamosi mkimwaga sakafu mimi nitakuwa Msambweni, nina mtihani wa ufundi. Paipu zangu zisiguswe."

"Nani aziguse?" nikamjibu. Wallahi nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Kumwaga sakafu kwetu ni kazi ya mweria: kila nyumba inatoa mtu, mwenye sepetu aje na sepetu, mwenye ndoo aje na ndoo, na sufuria la wali ni moja kwa wote. Siku hiyo nilifika wa kwanza, umande bado uko majanini. Nikaukagua mfereji. Paipu mbili, zote tupu, zinatoka mahali pamoja na kwenda mahali pamoja. Nikachungulia ya kwanza, nikachungulia ya pili. Hamna kitu. Nami nimekulia nyumba ambayo hata kifuu hakitupwi. Ni upawa, ni kata, ni kuni. Na kule kwangu, hatua chache tu kutoka pale, maji ya mvua yalikuwa yakitiririka kutoka mabati ya jikoni na kulikosa pipa, na masika ndiyo hayo yanabisha hodi. Nikasema moyoni, huyu mtoto wamemharibu huko hotelini, wamemzoesha kuweka viwili panapotosha kimoja. Nikaivuta, nikapafukia pahali pake kwa mguu. Wenzangu walipofika na masepetu yao, paipu ilikuwa imeshafungwa kwangu kwa kamba ya makumbi, imeinamia pipa kama shingo ya korongo, nami nimesharudi, nimejifunga kibwebwe, nasubiri kuchanganya saruji.

Sakafu ikamwagwa. Tuliilainisha kwa mbao hadi ikang'ara kama sinia.

Baada ya wiki mjukuu akaja na mafungu yake ya nyaya. Akasimama karibu na ukuta akautazama mdomo mmoja wa paipu uliochomoza. Akatembea hadi katikati, akaona mdomo mmoja. Akarudi. Akapiga magoti akaipapasa saruji kama mtu aliyedondosha sindano.

"Zilikuwa mbili," akasema.

"Ulilaza mbili, au uliota umelaza mbili?" akauliza wifi yangu.

"Nililaza mbili, nyanya."

"Basi moja imelewa saruji, imelala chini huko."

Akina mama wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la nazi. Nilitaka kusema. Kisha nikamtazama wifi anavyotikisika kwa kicheko, nikaona nitakavyochekwa mimi hadi siku ya kuoshwa. Nikanyamaza. Sijipaki poda hapa. Nilinyamaza, na mtoto wa binti yangu akaondoka na jina la mtu aliyesahau.

Mtu mmoja akashauri nyaya zipite juu. Mjukuu akakataa: juu ni makuti, na ndani ya makuti mna panya, na panya akitafuna waya chini ya makuti hamtakuwa na nyumba. Mwingine akasema sakafu ivunjwe. Hapo zikazuka kelele. Yuko mwenzetu aliyebeba mchanga wa sakafu ile na mimba ya miezi saba. Nani atamwambia kwamba inavunjwa?

Basi wifi akampigia simu fundi wa Ukunda. Mzee yule ametia stima katika nusu ya nyumba za huku kwetu, na kila mtu anamsalimu. Alikuja, akavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, akachungulia ndani ya paipu.

"Paipu ni pana. Shindilia zote humu."

"Kwa nyaya hizi hizi, mzee wangu?" akauliza mjukuu. "Nilizinunua kwa hesabu ya paipu mbili."

"Waya ni waya, binti. Mimi naitia stima tangu mama yako anabebwa mgongoni. Sijaona waya unaomuuliza mwenzake umelala wapi."

Watu wakacheka tena. Wifi akatoa hukumu. Ijumaa baada ya swala tutakutana hapa. Mjukuu aje na neno la kueleweka, la sivyo fundi wa Ukunda ataingiza nyaya siku hiyo hiyo na kazi itakuwa yake. Magunia ya nazi zilizofuliwa yamepangwa hadi dirishani, yanatusubiri.

Alasiri ile mjukuu alikaa nyumbani kwangu uani, karatasi ya unga ameitandika gotini, kalamu mkononi, kitabu chake cha ufundi kimefunguliwa juu ya kibao cha mbuzi. Mimi nilikuwa naparuza muhogo. Paipu ilikuwa nyuma yake, hatua nne, nami nilikuwa nimeitundikia kanga mbili zinazokauka. Kanga zenyewe zilikauka tangu juzi.

"Hebu niambie," nikamwuliza, "huyo mzee amekosea nini?"

Akaniambia, naye akisema polepole kwa ajili yangu. Waya ukibeba stima hupata joto. Ukiwa peke yake ndani ya paipu, joto lina pa kwendea. Ukibanwa na wenzake nao wamebeba mizigo yao, kila mmoja anampa mwenzake joto, na la katikati halina njia ya kutoka. Koti lake la plastiki linalainika, halafu linakauka, halafu linapasuka. Siku moja waya unagusana na waya uchi kwa uchi, chini ya sakafu, na ninyi mko juu yake mnakuna nazi.

Nikaacha kuparuza. Nilikumbuka mbata zangu, zile nazi za kukaushwa. Mwaka mmoja niliziweka ghalani kabla hazijakauka vyema, magunia yamebanana. Gunia moja peke yake lingetoa joto lake likapoa. Lakini yale yalikuwa mengi, na siku ya nne nilipotia mkono katikati niliutoa mbio kama nimeutia kwenye majivu. Hakuna aliyewasha moto pale. Kubanana ndiko kulikouwasha.

"Kumbe ni mbata," nikasema.

"Ni mbata, nyanya."

 Miaka yote naitumia stima nikidhani ni uchawi wa wazungu wenye kibonyezo, kumbe ina tabia ya gunia.

"Sasa dawa yake?"

"Unaupunguzia mzigo. Waya ambao peke yake ungebeba kumi, unauambia ubebe saba. Au unatafuta waya mnene zaidi ambao hata ukipunguziwa, ule mzigo bado unauweza."

"Basi fanya."

"Nimefanya, haitoki." Akaikuna karatasi kwa kalamu. "Nyaya ni kumi na saba. Mota tatu, kila moja nyaya tatu, hizo tisa. Mmoja wa ardhini, huo haubebi kitu, unangojea ajali tu. Na saba za vibonyezo. Nikitoa huo wa ardhini zinabaki kumi na sita, na kitabu kinasema zikifika hapo, kila waya upunguziwe nusu. Nusu, nyanya. Itanibidi nitie nyaya nene sana, na nene hazitaingia. Paipu haijazwi hadi kooni. Labda yule mzee ana haki. Labda hata hizo paipu mbili niliota."

Hapo nilitaka kusema, na badala ya kusema nikauliza swali. Sijui lilitoka wapi. Nadhani lilitoka jikoni.

"Hizo saba za vibonyezo, nazo zina moto?"

"Zina stima, ndiyo. Lakini kidogo. Kazi yake ni kupeleka amri tu, washa, zima."

"Sasa sikiliza. Arusi ya mama yako tuliwasha meko matatu ndani ya banda moja. Tulitoka jasho hadi kanga zikatushika mwilini. Na kulikuwa na vijakazi wadogo wa kutumwa, leta chumvi, peleka sahani, mwambie fulani aongeze maji. Hao walikuwa saba, wanane, wanaingia na kutoka. Mimi nilipohesabu joto la banda lile nilihesabu meko. Sikuwahesabu wa kutumwa."

Mjukuu alinitazama, kalamu imesimama hewani. Kisha akakivuta kile kitabu, akapekua, akapekua, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na midomo yake ikisoma bila sauti. Nikauona uso wake unabadilika kama mtu aliyesikia mtoto wake akilia salama ndani ya kisima.

"Iko," akasema. "Iko hapa chini, kwa maandishi madogo. Waya uliobeba kidogo sana kuliko uwezo wake hauingii kwenye hesabu. Nilifundishwa hii, nyanya. Nimefundishwa na nimeisahau kwa kuchekwa."

Sisemi nilimfundisha. Nasema niliuliza.

Akaandika upya. Zenye mizigo ni tisa, kwa hiyo kila mmoja ubebe saba kati ya kumi. Alinifanya nizirudie hesabu zile hadi nikazihifadhi kama Alhamdu, nami nitawapa mzione. Mota ya kukamulia inavuta ampea kumi na sita. Nyaya alizonunua, mmoja ukiwa peke yake na mota yake unabeba ishirini na moja, unatosha na chenji inabaki. Lakini ukibanwa na wenzake unabaki na kumi na nne na ushei. Kumi na nne haibebi kumi na sita. Pale ndipo fundi wa Ukunda angetuchoma. Waya unaofuata kwa unene, peke yake ni ishirini na nane. Ukiupunguzia kwa ajili ya wenzake, ukaupunguzia tena kwa ajili ya joto la hii pwani yetu, unabaki na kumi na nane. Kumi na nane inabeba kumi na sita, na paipu inabaki na nafasi ya kupumua.

"Na hao vijakazi wako saba," akasema, "wawe na koti nene sawa na la wakubwa, maana wanalala nao chumba kimoja. Nimeangalia, koti lao ni hilo hilo."

Mafungu ya nyaya yalikuwa hayajakatwa hata inchi. Kesho yake tukaita tuktuk, tukayapakia, mimi nimelikumbatia moja kama mtoto mchanga, tukaenda Ukunda tukayabadilishe. Mwenye duka la vifaa alitaka kubisha.

"Nyanya, waya huu na ule ni kitu kimoja."

"Wewe ukiwa peke yako kitandani na ukiwa na wenzako tisa ni kitu kimoja?" nikamwuliza.

Akatubadilishia.

Ijumaa wanawake walijaa pale mashineni, chai imemiminwa, mahamri yako kwenye sinia. Fundi wa Ukunda alikuwa amekuja na kijisanduku chake. Mjukuu alisimama na karatasi yake ya unga akaeleza yote, mbata, meko, vijakazi, saba kati ya kumi.  Niliwaona wenzangu wanaitikia kwa vichwa, maana nani kati yetu hajui mbata? Nikajua imeshika.

Ndipo wifi akaiweka chini bilauri yake ya chai.

"Maneno ni mazuri. Lakini mtu aliyesahau paipu nzima, mimi nitaiaminije hesabu yake? Paipu inaonekana kwa macho, mwanangu. Hiyo ampea haionekani."

 Vile vichwa vilivyokuwa vinaitikia vikasimama. Mjukuu alikunja karatasi yake mara mbili, polepole, na nikaiona ngazi. Wallahi niliiona, imesimama Diani inamngojea aishike.

Nikasimama. 

"Paipu hakuisahau," nikasema. "Iko kwangu. Inateremsha maji kwenye pipa."

"Iko wapi?"

"Kwangu, wifi, kichwa chako kimeziba? Niliing'oa asubuhi ya mweria ninyi mmelala. Niliiona tupu, nikadhani haina kazi. Mtoto alilaza mbili. Mimi ndiye niliyewadanganya kwa kunyamaza, na yeye ndiye aliyechekwa."

 Wifi akawageukia wenzake, uso mkavu kabisa.

"Jamani, nendeni mkalifiche lile jeneza la msikitini. Nalo hukaa tupu."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Mwenzetu wa mimba ya miezi saba alimwaga chai. Nikachekwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine, nikachekwa hadi na mimi nikacheka, na kuchekwa kwenyewe, nakwambieni, hakuui.

Mjukuu hakucheka. Alitia mkono mkobani akatoa kipande cha waya, urefu wa kiganja, akakiweka mkononi mwa fundi wa Ukunda kwa adabu, mikono miwili.

"Hiki nilikitoa hotelini, mzee wangu, kwenye chumba cha pampu za bwawa. Kilikuwa ndani ya paipu na wenzake."

Mzee alikipinda. Koti la waya likavunjika likamdondokea gotini kama maganda ya kitunguu, na shaba ndani imekuwa nyeusi. Akakigeuza kiganjani. Kisha akauliza kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Walikuwa wangapi wenye mzigo?"

"Tisa."

Akafunga kijisanduku chake. "Mwacheni afanye," akamwambia wifi. "Nami nitabaki nimshikie mwisho wa kamba."

Mikono ikanyooshwa. Hakuna uliobaki chini.

Kuziingiza nyaya kumi na saba ndani ya paipu moja ni kazi ya watu, na watu tulikuwa nao. Alipitisha kamba kwanza, akazifunga nyaya zote kwenye kamba zimelala sambamba, hakuna iliyomkanyaga mwenziwe. Wifi akaja na kopo la mafuta ya nazi azilainishe.

"Hapana, nyanya, mafuta yatakula koti lake. Nipe maji ya sabuni."

"Mafuta yetu yanakandia wazungu, hayafai waya?"

"Wazungu huoga baadaye."

Tukavuta. Mzee wa Ukunda upande wa ukuta anazilisha, sisi katikati tunavuta na kuimba ule wimbo wa kutwanga, mkono wa huyu juu ya mkono wa huyu, na mjukuu wangu amepiga magoti mdomoni mwa paipu anasema taratibu, taratibu, sasa, taratibu. Vichwa vya nyaya vilipochomoza, vyekundu, vya manjano, vya buluu, na vile vyembamba vya amri, wanawake walipiga vigelegele kama mtoto ametoka.

Siku mbili alikuwa anafunga, anakaza, anapima. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, akamwambia wifi abonyeze. Mashine ya kukuna ikanguruma. Akabonyeza ya pili, ya kukausha ikavuma. Ya tatu, ile kubwa, ilianza kwa kishindo hadi nikashika kanga yangu, kisha ikatulia ikawa inaimba. Mjukuu alikuwa na kifaa chenye makucha kama gando la kaa. Alilipanua gando akaubana waya mmoja bila kuukata, na namba zikatokea.

"Kumi na tano na nukta nane," akasoma.

"Nao unaweza kumi na nane," nikasema kwa sauti, ili wasikie hata walioko barabarani.

Mashine ziliimba hadi alasiri. Mafuta ya kwanza yalipodondoka, meupe kama maji ya dafu, sikuyakimbilia. Nilikwenda ukutani, nikachuchumaa, nikaushika mdomo wa paipu kwa kiganja, kiganja kile kile nilichokitia kwenye mbata. Ulikuwa vuguvugu. Vuguvugu la chai iliyosahauliwa. Nikakaa pale nimeushika, sitaki kuuachia.

Mjukuu akaja akachuchumaa karibu nami.

"Nyanya, niliiona."

"Nini?"

"Paipu yangu. Alasiri ile ile. Kanga hazianikwi siku tatu, tena wewe."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje, mbele ya nyanya mwenyekiti? Angekucheka hadi siku ya kuoshwa."

Kumbe hata hofu yangu aliijua kwa maneno yake. Nilimpiga kofi la begani, si la kuumiza, nikamwambia aende akaangalie mashine zake.

Tangu hapo ameitwa Waa, ameitwa Galu, na mzee wa Ukunda mwenyewe alimtuma mtu achukue nakala ya ile karatasi ya unga. Paipu bado iko kwangu. Nilitaka kuirudisha, akakataa, akasema ina kazi yake sasa. Mvua ikinyesha wifi hunipigia simu kuniuliza kama maji yana stima.

Mwezi uliopita kikundi kilitaka kuongeza mashine ya nne. Wakamwita. Akachungulia ndani ya paipu, akahesabu mezani kwa kidole, akasema hapana, ikiingia nyingine wote watalazimika kupunguziwa hadi mzigo usibebeke. Ya nne itapewa njia yake yenyewe. Wala hakuna aliyebisha. Wifi mwenyewe ndiye aliyekata ukanda wa sakafu ile tuliyoililia, kwa sururu, na paipu mpya ikalazwa.

Saruji ilipokuwa inachanganywa, mjukuu alileta kigoda akakiweka kwenye mwisho wa paipu ile, akanishika mkono.

"Kaa hapa, nyanya. Usiondoke mpaka ikauke."

Nikakaa. Wifi akaniletea chai pale pale, na mahamri mawili, na yeye akaketi upande wa pili kunilinda.